Mathe Alicheka Ndovu Wangu, na Alikuwa na Haki

Wasee, wiki mbili zilizopita mathe aliingia kwa chumba changu akanipata nimeinamia meza, brashi ndogo mkononi, tochi ya simu imeegemezwa kwa kikombe. Mezani kulikuwa na askari 48 wa plastiki, kila mmoja urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, pamoja na ndovu mmoja wa vita. Akasimama kimya kwa muda. Halafu akasema, "Kwa hivyo uliacha chuo ukuje kupaka wanasesere rangi."

Hiyo nimeizoea. Kilichonishtua ni kilichofuata. Alimwinua yule ndovu, akamgeuza huku na huku, akacheka. "Na huyu ni ndovu ama ni ng'ombe?"

Mathe amelelewa karibu na Voi. Yeye ndovu hakumjulia kwa kitabu. Ni mnyama aliyemaliza mahindi ya nyanya yangu usiku mmoja na kuacha nyayo kubwa kama sinia. Nikamjibu kwa kujiamini, "Mum, hawa ndio ndovu wa vita wa Afrika. Walikuwa wadogo. Iko kwa historia."

Akaniuliza, "Historia ya nani?" Akatoka.

Hilo swali limeninyima usingizi, kwa hivyo leo wacha tuliangalie pamoja.

Kwa wale hawajui huu mchezo: watu wawili wanapanga majeshi madogo mezani, wanapima hatua kwa rula, wanarusha dadu, na sheria zilizoandikwa zinaamua nani anakufa na nani anakimbia. Asili yake si ya kitoto hata kidogo. Mwaka wa 1824 afisa wa Prussia, von Reiswitz mdogo, alitoa mchezo wa vita ambao jeshi lao lilitumia kufunza maafisa. Mwaka wa 1913 H. G. Wells, yule Mwingereza aliyeandika hadithi za viumbe kutoka sayari ya Mars, alichapisha *Little Wars*, kitabu cha sheria za kupigana na askari wa kuchezea sakafuni. Wapenzi wa vita vya kale walipata chama chao mwaka wa 1965, Tony Bath alipoanzisha Society of Ancients huko Uingereza. Miaka minne baadaye, 1969, kundi la Wargames Research Group likaanza kutoa sheria zake za vita vya kale.

Na hapa nawapa heshima yao. Huwezi kupaka ngao rangi kabla hujajua ngao yenyewe ilifanana vipi. Kwa hivyo hao watu walilazimika kusoma waandishi wa kale, kuchungulia michoro ya makaburi na kubishana kuhusu viatu. Mimi nilikaa chuo miaka miwili nikisoma historia na hakuna siku niliulizwa askari alivaa nini miguuni. Niliulizwa tu, "Eleza sababu sita."

Sasa turudi kwa jeshi langu. Ni jeshi la Ptolemy wa Nne, mfalme wa Misri, kwenye vita vya Raphia mwaka wa 217 K.K. Raphia ndiyo Rafah ya leo, kule Gaza. Adui yake alikuwa Antiochus wa Tatu, mfalme wa Waseleuko, aliyekuja kutoka upande wa Syria. Mwandishi Mgiriki Polybius anatupa hesabu: Ptolemy alikuwa na ndovu 73 wa Afrika, Antiochus alikuwa na ndovu 102 wa India. Anasema wengi wa ndovu wa Afrika walikataa kupigana, kwa sababu hawakuweza kuvumilia harufu na mlio wa wale wa India, tena waliogopa ukubwa na nguvu zao. Ptolemy alishinda vita hata hivyo, lakini ushindi uliletwa na askari wa miguu.

Wewe uliyewahi kwenda Tsavo au Amboseli, hebu tulia hapo. Ndovu wetu wa savana ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu. Ndovu wa India ni mdogo kwake. Sasa huyu Polybius alikuwa anaongea kuhusu ndovu gani?

Jibu lililokuja kupendwa na wengi lilitetewa na mtu aliyewahi kukaa hapa jirani. Sir William Gowers alikuwa gavana wa Uganda kabla ya kustaafu, na mwishoni mwa miaka ya 1940 aliandika kwamba ndovu wa majeshi ya kale walikuwa ndovu wa msituni, ambao kweli ni wadogo. Hoja ilikuwa safi na Polybius akaokolewa. Ikaingia kwa vitabu, kutoka vitabuni ikaingia kwa sheria za mchezo, ambapo ndovu wa Afrika wamewahi kupewa alama duni kuliko wa India. Mwishowe ikaingia kwa kalibu ya plastiki. Ndovu wangu alikuwa na urefu wa sentimita tatu na robo begani. Kwa kipimo cha moja kwa 72, hiyo ni kama mita 2.3. Dume wa savana anapita mita tatu, kwa hivyo alipaswa kuwa zaidi ya sentimita nne. Mathe hakuwa na rula, lakini aliona.

Shida ni kwamba akina Ptolemy hawakutoa ndovu wao kwa misitu ya Kongo. Waliwawinda upande wa Bahari ya Shamu. Hadi walijenga kituo cha kazi hiyo, Ptolemais Theron, kwenye pwani ambayo leo ni ya Sudan. Na mwaka wa 2014 watafiti walichapisha uchunguzi wa DNA ya ndovu waliobaki Gash-Barka, Eritrea, ukanda ule ule. Matokeo: ni ndovu wa savana, hakuna dalili ya damu ya msituni. Yaani ni jamii moja na wale waliokula mahindi ya nyanya yangu.

Kwa hivyo nani alikosea? Polybius alizaliwa karibu mwaka wa 200 K.K., baada ya vita kuisha. Hakuona. Maoni yangu ni kwamba ndovu 73 kukimbia mbele ya ndovu 102 hakuhitaji mtu ashike tepu awapime. Lakini sentensi moja ya mtu ambaye hakuwepo imetembea zaidi ya miaka 2,000 hadi kwa meza yangu, na mimi nikaipaka rangi bila kuuliza.

Baada ya hapo nikaanza kuwaangalia wale 48. Ni askari wa falanksi, wale wa kubeba mkuki mrefu wa sarisa. Nilikuwa nimewapaka wote rangi moja ya ngozi, ya Kizungu, kwa sababu picha ya kisanduku iko hivyo. Nikarudi kwa Polybius yule yule. Anasema kwenye falanksi ya Ptolemy kulikuwa na Wamisri 20,000, wenyeji waliofunzwa kupigana kwa mtindo wa Kimasedonia. Anaendelea kusema kwamba ushindi wa Raphia uliwapa kiburi, wakaona hawana haja tena ya kuamriwa. Miaka kama kumi na mbili baadaye kusini mwa Misri kulikuwa na farao wake, Horwennefer, aliyeasi utawala wa akina Ptolemy.

Wamisri 20,000, na mimi nilikuwa nimewafuta wote kwa chupa moja ya rangi.

Mtaniambia ni mchezo tu, acha watu wacheze. Sawa. Lakini angalia Jumba la Makumbusho la Misri, Cairo. Kuna majeshi mawili ya mbao yaliyotoka kwa kaburi la Mesehti, mkuu wa Asyut, takribani miaka 4,000 iliyopita. Askari 40 wa Misri wenye mikuki, na wapiga mishale 40 wa Nubia. Aliyewatengeneza hakuwalinganisha urefu. Ngao zimepakwa mabaka ya ngozi ya ng'ombe, na mabaka hayafanani. Wanubi ni weusi zaidi na mavazi yao ni tofauti. Huyo fundi alijua kwamba ukimpaka mtu rangi, unasema huyu ni nani na ametoka wapi. Kazi hii ya kupaka majeshi madogo ilifanywa Afrika kabla Prussia haijakuwepo.

Msimamo wangu ndio huu: kila rangi unayoweka ni hoja ya historia. Usipoichagua wewe, aliyechora kisanduku amekuchagulia. Sisemi ni watu wabaya. Nasema walisoma walichosoma, wakafika walipofika, na hakuna aliyewaambia kwamba ndovu anaonekana kama ng'ombe.

Nimewaloweka askari 24 kwa spiriti, nikawasugua na mswaki wa zamani, nikawapiga andakoti upya, nikachanganya rangi tatu za ngozi badala ya moja. Ndovu mwingine nimempata kwa rundo la vitu vya kuchezea vya mtumba. Ana sentimita nne na nusu. Nilimpaka kijivu.

Mathe akapita tena juzi. Hakucheka. Alimshika, akasema ukubwa sasa uko sawa, lakini ndovu wa kwao ni wekundu. Nikamwambia wa Tsavo wanapata wekundu kwa udongo wa huko. "Ndiyo nasema," akajibu. "Ndovu ana rangi ya mchanga aliojimwagia. Huyu wako alijimwagia wapi?"

Sikuwa na jibu. Jana nimechanganya rangi ya mchanga wa pwani ya Rafah, nikampitisha brashi kavu mgongoni na miguuni. Bado anakauka dirishani.