Mauser C96

Bastola ya Kijerumani inayojipakia risasi yenyewe, iliyotengenezwa Oberndorf, Ujerumani, kuanzia 1896 hadi miaka ya 1930. Waliibuni ndugu wa ukoo wa Feederle, waajiriwa wa kiwanda cha Mauser. Hataza ikaandikwa jina la Paul Mauser, mkuu wa kiwanda hicho. Risasi 10 hushindiliwa kwa juu, mbele ya kifyatulio, na ala yake ya mbao hugeuka kitako cha bega. Winston Churchill aliitumia vitani Omdurman, Sudan, mwaka 1898. Mwaka 1916 jeshi la Ujerumani liliagiza 150,000 za milimita 9, zikachongwa tarakimu 9 yenye rangi nyekundu mpinini. Wakusanyaji huzisaka sana hizo, lakini rangi huweza kupakwa na yeyote. Mnunuzi alinganishe kwanza namba za mfululizo zilizo kwenye sehemu zake: zikitofautiana, thamani hushuka.