Hadithi za Sayansi Zilizozaliwa Nairobi

Mashabiki wa sinema za roboti na vyombo vya angani jijini Nairobi wamechoka kuambiwa kwamba wanashabikia mambo ya Wazungu. Jiji hili lina hadithi zake za sayansi, na zote zimejengwa juu ya hoja moja: mtambo una mwenyewe, na mwenyewe huyo ndiye wa kuulizwa.

Mwaka 1995, East African Educational Publishers ilitoa Walenisi, riwaya ya Kiswahili ya Katama Mkangi. Mkangi alikuwa mwanasosholojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986 alitiwa kizuizini na serikali ya Rais Moi. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa kifo na kufungiwa ndani ya chombo kinachorushwa angani. Badala ya kumwua, chombo kinamfikisha kwenye sayari ambayo watu wake wanaishi kwa usawa. Chombo ni kilekile. Kwa watawala kilikuwa kitanzi, kwa Dzombo kikawa njia ya kutokea.

Hoja hiyo ya kumuuliza mwenyewe haikubaki vitabuni. Mwanasayansi Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, alianzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977. Mwaka 1989 chama tawala kilipotaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, alipinga kwa barua baada ya barua. Alitukanwa hadharani, lakini wafadhili wakajitoa na bustani ikapona.

Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, alitengeneza filamu ya maisha ya Maathai, For Our Land. Mwaka 2009 akatoa pia Pumzi, filamu ya dakika 21 iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka uliofuata. Ndani yake, miaka 35 baada ya vita vya maji, watu wanaishi chini ya paa moja. Jasho na mkojo vinasafishwa na kunywewa tena, na ndoto zinazimwa kwa vidonge. Asha, mtunzaji wa makumbusho, anapokea udongo kutoka kwa mtu asiyejulikana. Anaunusa, anaupima, kisha anapanda mbegu. Wakubwa wanamnyima ruhusa ya kutoka. Anatoroka na kuupeleka mche jangwani, akiunywesha maji yake mwenyewe. Vipimo vilikuwepo, ila wenye mamlaka hawakutaka visomwe.

Wakati huohuo jiji lilikuwa likitenda. Januari 2008, katikati ya ghasia za baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, programu ambayo wananchi waliitumia kutuma taarifa za maovu zikawekwa kwenye ramani. Programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010, mwaka uleule iHub ilipofunguliwa barabara ya Ngong kuwapa vijana wa kompyuta mahali pa kukutania.

Ndiyo maana inauma kuona wanafunzi wanaofundishwa kuandika programu wakimaliza shule bila kuwahi kumsikia Dzombo wala Asha. Vilabu vya sayansi vimsome Mkangi na kuitazama Pumzi. Akili unde imeshaingia ofisini na hospitalini, na watakaoiendesha ni wanafunzi hao. Wajizoeze mapema kumuuliza mwenye mtambo anautaka kwa kazi gani, na nani atalipia.