Kodi ya Kiti: Njia ya Karata kutoka Gardena hadi Commerce

Ukishika Vermont Avenue kutoka katikati ya Los Angeles kuelekea kusini, unaliacha jiji bila kujua. Hakuna mto, hakuna kilima. Nyumba ni zilezile za ghorofa moja, vituo vya mafuta ni vilevile. Hata hivyo mstari huo usioonekana ulikuwa na uzito wake. Kwa zaidi ya miaka arobaini, aliyetaka kucheza poka kihalali katika kaunti ya Los Angeles aliuvuka akaingia mji mdogo wa Gardena, ambako klabu sita za karata ziliwasha taa zake kumngoja.

Nimeifuata njia hiyo kwa kuanzia Gardena, nikapanda kaskazini hadi Bell na Bell Gardens, nikaishia Commerce, kando ya barabara kuu ya Santa Ana, penye ukumbi wa karata unaohesabiwa kuwa mkubwa kuliko wote duniani. Nilikuwa na swali moja. Sheria ya California inaikataza klabu ya karata kucheza dhidi ya wateja wake. Haina ruhusa ya kushika benki, wala ya kujikatia asilimia ya fedha iliyowekwa mezani. Sasa nyumba isiyoruhusiwa kushinda hata senti moja imewezaje kukua hivi, na kulisha miji mizima?

Jibu linaanzia kwenye Kanuni ya Adhabu ya jimbo hilo ya mwaka 1872. Kifungu cha 330 kinaitaja michezo iliyopigwa marufuku mmoja baada ya mwingine: faro, monte, ruleti na mingine ambayo leo haina wachezaji, kisha kinafagia kila mchezo wenye benki na kila mchezo wa asilimia. Baadaye wabunge wakaongeza fan-tan ya Wachina, ishirini na moja, na aina moja ya poka iliyojulikana kwa jina la stud-horse. Poka ya kubadilisha hawakuigusa, ile ambayo kila mtu anagawiwa karata tano za siri, anatupa asizozitaka na kuletewa nyingine. Mwaka 1911 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ulysses S. Webb, akatoa maoni kwamba huo ni mchezo wa ujuzi na kwamba sheria haiukatazi. Kila mji ukaachiwa uamue wenyewe.

Gardena ilikuwa imezaliwa upya mwaka 1930, vijiji vya Gardena, Moneta na Strawberry Park vilipoungana kuwa mji. Hilo jina la stroberi halikuwa pambo. Eneo zima lilikuwa mashamba ya matunda hayo, na wakulima wengi walikuwa wenye asili ya Japani. Uchumi ulipoanguka, mji ukabaki na mashamba na hazina tupu. Mwaka 1936 Ernest Primm akafungua hapo klabu ya Embassy. Miaka miwili baadaye Los Angeles ikamchagua meya mpya, Fletcher Bowron, aliyeingia kwa ahadi ya kusafisha rushwa, na wakubwa wa kamari ya siri wakaanza kuhamia Las Vegas. Mwaka 1939 Earl Warren, Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, akaziandama meli za kamari zilizotia nanga nje ya pwani. Mlango mmoja baada ya mwingine ukafungwa, na ule wa Gardena ukabaki wazi, kwa sababu kilichochezwa ndani hakikuwamo kwenye orodha.

Sipendi kuipita haraka miaka ya vita, ingawa simulizi nyingi za klabu hizi huiruka. Mwaka 1942 familia za Wajapani waliolima stroberi hizo ziliondolewa kwa amri ya Rais Roosevelt na kupelekwa makambini, wengi wao wakiwa raia waliozaliwa Marekani. Waliporudi, mashamba mengi yalikuwa yamewatoka mikononi, na si wachache waliojipatia riziki kwa kutunza bustani za watu. Walijenga tena, na Gardena ikawa mojawapo ya jamii kubwa za Wamarekani wenye asili ya Japani. Lakini ardhi iliyokuwa ya matunda ilishazoea mapato mengine.

Embassy, Monterey, Rainbow, Horseshoe, Normandie, El Dorado. Halmashauri iliweka kikomo cha meza 35 kwa kila klabu, na kila meza ilikuwa na viti vinane. Pombe haikuuzwa. Hapakuwa na muziki wala wacheza dansi wa aina ya Las Vegas. Palikuwa na mgahawa wenye chakula cha bei nafuu, na sehemu ya kuketi kutazama televisheni kwa aliyemsindikiza mwenzake. Wachezaji waligawa karata wenyewe kwa zamu. Kila nusu saa msichana wa klabu alipita na sinia akikusanya ada ya kiti, ambayo ilikuwa sawa kwa wote pale mezani, aliyeshinda na aliyeliwa. Siri ya nyumba ilikuwa ndiyo hiyo. Haikujali nani ameshinda. Iliuza kiti na dakika thelathini, kisha ikauza dakika thelathini nyingine.

Michezo yenyewe ilikuwa miwili hasa. Katika mmoja huruhusiwi kufungua dau mpaka uwe na jozi ya maghulamu au zaidi. Wa pili unaugeuza mchezo miguu juu, karata za chini ndizo zinazoshinda, na mkono bora kuliko yote ni ree, mbili, tatu, nne na tano. Jokari mmoja aliongezwa kwenye karata 52. Waliocheza hawakuwa wahuni wa sinema. Walikuwa wastaafu, wajane, wafanyakazi wa viwanda vya ndege waliotoka zamu, watu waliojuana kwa sura miaka nenda miaka rudi na bado wakalana bila huruma.

Aliyetuachia picha bora ya ulimwengu huo ni mwanaanthropolojia David Hayano. Alikuwa amefanya utafiti milimani Papua New Guinea, kisha akaugeuzia macho ukumbi wa karata wa kwao, si kama mgeni anayechungulia bali kama mchezaji aliyekaa pale kwa maelfu ya saa. Kitabu chake, Poker Faces, kilitoka mwaka 1982. Kinachonishika humo ni jinsi anavyouchukulia uchezaji kama kazi, yenye uchovu wake, na misimu mirefu ya hasara. Hesabu ya mezani haina huruma. Kwa kuwa ada inatoka kila nusu saa, fedha iliyo mezani hupungua hata kama wachezaji wanane wana uwezo ule ule. Huwezi kuwa hodari kidogo tu kuliko jirani yako ukapata faida. Lazima umzidi yeye, na uizidi kodi ya kiti pia.

Wapinzani, wengi wao watu wa makanisa, waliupeleka mara kwa mara uamuzi wa klabu kwenye sanduku la kura, na klabu zikashinda kila mara. Sababu haikuwa mapenzi ya karata. Kodi ya klabu ilibeba sehemu kubwa ya bajeti ya mji, na mwenye nyumba aliyepigia kura kuzifunga alikuwa anajipandishia kodi yake mwenyewe.

Miji mingine ilikuwa inatazama. Upande wa kusini mashariki wa Los Angeles viwanda vya magari, matairi na chuma vilifungwa kimoja kimoja kuanzia miaka ya 1970, vikaacha miji midogo yenye wakazi maskini na mapato yaliyoporomoka. Bell ilifungua klabu yake mwaka 1980, Commerce ikafuata 1983, Bell Gardens ikaja na Bicycle Club mwaka 1984. Hazikufungwa na kikomo cha Gardena. Meza zikawa mia na zaidi chini ya paa moja.

Kuzaliwa kwa klabu hizi mpya hakukuwa safi. Mtengenezaji wa fataki, W. Patrick Moriarty, alikiri mahakamani mwaka 1985 makosa yaliyohusu kuwahonga viongozi, na ilibainika kwamba baadhi ya madiwani wa Commerce walikuwa wamepewa hisa za siri katika klabu waliyoipigia kura. Bell nako kulikuwa na viongozi waliotiwa hatiani kwa umiliki wa kificho. Bicycle Club ilijengwa kwa sehemu kwa faida ya bangi ya magendo. Mahakama ya shirikisho ilipothibitisha hivyo mwaka 1990, sehemu ya klabu ikataifishwa, na kwa miaka kadhaa serikali ya Marekani ikawa mmiliki mwenza wa jumba la kamari. Wakazi ambao miji hii ilisema inawatafutia mapato hawakuulizwa lolote kuhusu hisa hizo.

Gardena ilishindwa kushindana. Klabu zake zikafa moja moja, na mahali pa El Dorado mwaka 2000 Larry Flynt akafungua kasino yake, Hustler. Lakini kilichoubadilisha mchezo kwa kweli kilitokea mahakamani. Mwaka 1987 hakimu aliamua kwamba hold'em, poka ya karata za wazi katikati ya meza, si ile stud-horse iliyokatazwa karne iliyopita. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 1990 katika kesi ya Tibbetts dhidi ya Van de Kamp. Poka ya kubadilisha, iliyoishi kwa ulinzi wa sheria zaidi ya nusu karne, haikuhitaji tena kulindwa. Watu wakaiacha.

Badiliko la pili lilikuja na watu. Baada ya 1975 wakimbizi wa Vietnam, na wahamiaji wa China, Taiwan na Ufilipino, waliingia kwa wingi kusini mwa California na michezo yao. Sam Torosian, mwenye klabu ya Bell, alisimuliwa na mteja mzee Mfilipino kuhusu pusoy, mchezo wa karata kumi na tatu zinazopangwa mafungu. Mwaka 1985 akaupunguza hadi karata saba, unazigawa mkono wa tano na mkono wa mbili, na mpinzani lazima aishinde yote miwili. Ndio pai gow poka, ambayo leo inachezwa hadi Las Vegas. Torosian aliambiwa na mwanasheria kwamba mchezo hauwezi kupewa hataza, akaamini, na mchezo ukatawanyika bila yeye kulipwa haki yoyote. Yule mzee hata jina lake halikuandikwa, na kwangu hiyo ni hasara kubwa kuliko ya hataza.

Ukumbi wa Commerce una meza zaidi ya mia mbili na haufungwi usiku wala mchana. Umeongezewa hoteli yenye vyumba mia mbili hivi. Vijana wanapokea magari mlangoni, wakandaji wanapita nyuma ya viti na mito yao, na chakula kinaletwa kwenye vijimeza vya magurudumu vinavyosogezwa kando ya mchezaji, ili mtu ale supu ya tambi bila kuachia kiti. Kila huduma hapa ina kazi moja, kuhakikisha hakuna sababu ya kuinuka. Gardena ilimhesabia mtu nusu saa kwa sinia. Hapa mgawa karata anachukua ada maalumu kwa kila mchezo, anaidondosha kwenye tundu la meza, na mkono unaendelea.

Nilisimama muda mrefu upande wa michezo ya Kiasia, nyuma ya meza ya pai gow ya vigae. Mgawaji alivipanga vigae 32 vyeusi kwa mafungu ya vinne, akatikisa kikombe cha shaba chenye dadu tatu, akakifunua na kuhesabu kwa kidole. Kabla ya hapo alikuwa amemgeukia mama mmoja aliyevaa sweta na kumsogezea alama ya benki, yaani shika wewe, ucheze dhidi ya wote. Mama akapunga mkono bila kuinua macho. Alama ikaenda kwa jirani, naye akakataa. Ikamfikia kijana mwenye beji shingoni na trei ya sarafu za mchezo mbele yake, akaipokea kana kwamba anapokea chenji. Huyo ni mwajiriwa wa kampuni ya washika benki, yenye leseni na mkataba na klabu. Benki imezunguka, nyumba haijacheza, sheria imetimizwa.

Makabila ya wenyeji wa asili wa California hayakubali. Wapiga kura waliyapa mwaka 2000 haki ya pekee ya kuendesha mashine za kamari na michezo ya karata yenye benki, na kwa maoni yao kijana yule mwenye beji ndiye benki, hata alama izunguke mara ngapi. Kwa miaka mingi mahakama zilisema makabila hayana nafasi ya kushtaki. Sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 ikayafungulia mlango wa kesi moja, nayo ikafunguliwa Sacramento mwanzoni mwa 2025. Niliyoyaona mezani yananielekeza upande wao kwenye hoja ya sheria. Mchezo ambao wateja wanakataa benki na mtu yuleyule anaipokea ni mchezo wa benki.

Ila si ukumbi wa Commerce peke yake ulioguswa na kesi hiyo. Hawaiian Gardens, mji wa takriban maili moja ya mraba, hupata zaidi ya nusu ya bajeti yake kutoka ukumbi mmoja wa karata. Commerce yenyewe ina wakazi wasiozidi elfu kumi na nne, mabasi yasiyotoza nauli, kambi ya watoto milimani na bwawa la kuogelea lenye timu ya polo ya majini iliyomkuza Brenda Villa, binti wa mji huo aliyecheza Olimpiki nne na kurudi na dhahabu ya London mwaka 2012. Kodi ya klabu ni nguzo ya mfuko unaogharimia maisha hayo ya mji. Muswada wa 2024 ulipojadiliwa, madiwani wa miji hii walikwenda Sacramento kuupinga, wakizungumzia polisi, maktaba na wazee wanaopelekewa chakula. Hawakuwa wanatunga. Wala fedha hiyo haikutoka kwa matajiri wa mbali. Ilitoka kwa mtu kama yule mama wa sweta, na nilipoondoka alikuwa amekwisha kubadilisha noti nyingine.