Wameru: Waliomkimbia Bwana, Wasitawaze Mfalme

Wazee wa Meru husimulia kwamba babu zao walitoka Mbwaa, kisiwa ambacho baadhi ya wanahistoria wanadhani kilikuwa pwani ya kaskazini ya Kenya, karibu na Manda. Huko walitumikishwa na Nguo Ntuni, watu wa nguo nyekundu, waliowatwisha mambo yasiyowezekana: leteni mkuki unaofika mbinguni, leteni mbwa mwenye pembe. Mwishowe wakatoroka usiku, na kiongozi wao Koomenjue akayagawanya maji kwa fimbo. Waliovuka gizani wakawa Njiru, waliovuka alfajiri Ntune, na waliovuka jua limetoka Njeru. Hadi leo koo nyingi hujipanga katika makundi hayo matatu.

Watu waliotoka utumwani wangeweza kumsimika mtawala wao wenyewe. Wameru hawakufanya hivyo. Walikuwa na Mugwe, cheo kilichorithiwa ndani ya ukoo mmoja, lakini hakuwa na jeshi wala hakutoza kodi. Kazi yake ilikuwa kubariki. Padri Bernardo Bernardi, aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1959, anaeleza kwamba kwa Waimenti, kundi mojawapo la Wameru, mkono wa kushoto wa Mugwe ndio ulioshika baraka, nao ulifunikwa usionekane. Amri zilitoka kwa rika lililokuwa zamuni na kwa baraza la Njuri Ncheke. Kwa jirani zao wa Embu nako kulikuwa hivyohivyo: wazee na marika, bila mfalme.

Waingereza hawakuuelewa mpango huo. Waliivamia Embu mwaka 1906, na mwaka 1908 ofisa wao Edward Horne akafungua kituo Meru. Wakaliweka kando baraza, wakateua machifu, na hao ndio waliokaribia kuwa watawala wa kweli, kwa kuwa nyuma yao kulikuwa na bunduki ya serikali. Katika miaka ya 1930 ofisa H. E. Lambert aliirudisha Njuri Ncheke, safari hii kama chombo cha utawala. Aprili 1956 ikapiga marufuku ukeketaji. Wasichana wakakaidi, wakajikata wenyewe, na katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400 wakashtakiwa kwa kuivunja marufuku hiyo. Wazee waliokuwa wakisikilizwa kwa hiari sasa walihitaji mahakama ili watiiwe. Kwangu mimi, hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kushindwa vitani.

Ukumbi wa Njuri Ncheke uko Nchiru, njia ya Maua. Wanasiasa wanaokwenda kuvishwa mavazi ya wazee pale uchaguzi ukikaribia wasidhani wametawazwa. Wazee wa Meru hawakuwahi kutawaza mfalme.