Kazi ya Swali na Alama Zake

Alama za swali la mtihani hupatikana kwa kuhesabu kazi anayotakiwa mtahiniwa kuifanya, si kwa kukisia ugumu wake. Kanuni hii husahaulika upesi katika mitihani ya mwisho wa muhula inayotungwa shuleni. Mtungaji huandika maswali 20, akagawa 100 kwa 20, na kila swali likapata alama 5. Matokeo yake ni dhuluma: aliyetaja jina moja hulipwa sawa na aliyeeleza hoja tano. Mgao wa namna hiyo unafaa tu pale ambapo kila swali linadai jambo moja, kama yalivyokuwa maswali 50 ya kuchagua jibu katika karatasi ya Hisabati ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023.

Ugumu haufai kuwa msingi kwa sababu hubadilika kutoka kwa mwanafunzi mmoja hadi mwingine. Historia ya Malakisi, katika Kaunti ya Bungoma, inalidhihirisha hilo. Mwezi Februari 1948 polisi wa kikoloni waliwafyatulia risasi hapo wafuasi wa Dini ya Msambwa, iliyoongozwa na Elijah Masinde, na watu wakauawa. Mwanafunzi wa Malakisi huenda alisimuliwa kisa hicho na nyanya yake kabla ya kukisoma popote. Mwenzake wa Lamu hukutana nacho darasani. Swali "Taja kiongozi wa Dini ya Msambwa" litakuwa jepesi kwa mmoja na zito kwa mwingine, lakini kwa wote wawili linadai jina moja tu, na thamani yake ni alama 1. "Eleza sababu tano za kuibuka kwa Dini ya Msambwa" linadai sababu pamoja na ufafanuzi wa kila moja, yaani 5 × 2, alama 10. Katika karatasi za Historia za KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, swali la insha lenye alama 15 kwa kawaida huwa na vipande viwili, 3 na 12 au 5 na 10, na kitenzi cha swali ndicho huamua malipo ya kila hoja.

Kabla ya kufika kwenye swali mojamoja, jedwali la utahini huonyesha kila mada inastahili alama ngapi kulingana na vipindi ilivyofundishiwa. Mada iliyochukua vipindi 12 kati ya 48 hupata robo ya mtihani.

Baada ya hapo mtungaji hana budi kulijibu swali mwenyewe, kwa ukamilifu, kalamu mkononi. Tuseme ni swali la Kiswahili: changanua kwa kielelezo cha matawi sentensi "Wakulima wengi walivuka mto jana". Jibu lina S (sentensi), KN (kikundi nomino), KT (kikundi tenzi), kisha N (nomino) na V (kivumishi) upande mmoja, na T (kitenzi), N na E (kielezi) upande wa pili. Hivyo ni vipengele vinane. Kila kimoja kikipewa nusu alama, swali lina alama 4. Hata hivyo, wapo wanaoweka KN nyingine juu ya "mto", na vipengele vikawa tisa. Mwongozo wa usahihishaji lazima uamue mapema jinsi jibu hilo litakavyotuzwa, la sivyo wasahihishaji wawili watatoa alama tofauti kwa kazi ileile.

Muda ndio kipimo cha mwisho. Karatasi ya Hisabati ya KCSE ina dakika 150 kwa alama 100, yaani dakika moja na nusu kwa kila alama. Insha ya Kiswahili ina dakika 105 kwa alama 40, zaidi ya dakika mbili na nusu, kwa kuwa mtahiniwa anahitaji kufikiri na kupanga. Ndani ya karatasi moja uwiano huo usiyumbe sana. Swali la alama 2 linalokula dakika kumi humwadhibu mwanafunzi makini, naye mjanja huliruka.

Jumla ikifika 108, kishawishi ni kupunguza alama moja hapa na moja pale. Kinachopaswa kupunguzwa ni kazi: sababu tano ziwe nne, alama 10 ziwe 8, na maswali mengine yapunguzwe vivyo hivyo mpaka 100 itimie.