Jina lililokataliwa na wenyewe

Isaac Newton alifariki mwaka 1727 bila kuitwa ‘scientist’ hata mara moja. Neno hilo la Kiingereza, ambalo leo kila mwanafunzi wa sekondari analijua, lilikuwa halijazaliwa. Yeye na wenzake waliitwa wanafalsafa wa maumbile.

Lilizaliwa Cambridge, Juni 1833, katika mkutano wa Jumuiya ya Uingereza ya Kuendeleza Sayansi. Mshairi Samuel Taylor Coleridge, ambaye kwa wakati huo alikuwa mzee na mgonjwa, aliwaambia wajumbe kwamba jina la mwanafalsafa ni kubwa mno kwao. William Whewell, mtoto wa seremala kutoka Lancaster, akajibu: ikiwa mtu wa sanaa ni ‘artist’, basi mtu wa sayansi na awe ‘scientist’. Wenzake hawakulipenda.

Machi 1834 akalichapisha katika jarida la Quarterly Review, alipohakiki kitabu cha Mary Somerville. Uhakiki haukuwa na jina la mwandishi, na aliyebuni neno alitajwa humo kama bwana mmoja mwerevu tu. Wengi hupenda kusimulia kwamba neno lilibuniwa kwa heshima ya Somerville. Sivyo, uhakiki wenyewe unalirudisha kwenye ule mkutano.

Kiambishi tamati chake ni cha Kigiriki, ‘-istes’, kilichopitia Kilatini na Kifaransa hadi kufika Uingereza. Nasi tunacho: anayemwita mhubiri wake mwinjilisti anakitamka kila Jumapili. Wasomi walilalamika kwamba shina la ‘scientist’ ni la Kilatini na mkia ni wa Kigiriki, kwa hiyo neno ni chotara. Mimi naona kilichowakera hasa ni hadhi. Mabwana wenye mali walitafuta elimu kwa kuipenda, na mkia ule uliwafananisha na ‘dentist’, mtu anayeng’oa meno kwa malipo.

Mwaka 1840 Whewell alilipendekeza tena, safari hii kwa jina lake, pamoja na ‘physicist’. Michael Faraday, ambaye Whewell ndiye aliyempatia maneno anodi na kathodi, alikataa hilo la pili kwa sababu lilimshinda kutamka.

Miaka ikapita, mwanzilishi akasahauliwa, Waingereza wakaamini kwamba ‘scientist’ ni uharibifu wa lugha kutoka Marekani. Mwaka 1894 jarida la Science-Gossip lilipowauliza wakubwa wa fani, Thomas Huxley, profesa aliyeishi kwa mshahara wa sayansi, alilikataa kwa ukali. Alfred Russel Wallace alikuwa na busara zaidi: neno lina manufaa, na watu wameshalizoea.

Hata mwaka 1924 jarida la Nature lilikuwa bado linabishana. Liliwaruhusu waandishi wake kulitumia, lakini wahariri wenyewe wakaendelea kulikwepa.