Kuku katika Kiwanja cha Makazi: Sheria Ipime Madhara, Si Jina la Eneo

Anayenunua nyumba yenye hati katika kiwanja kilichopimwa Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza hununua na masharti yake. Hati nyingi za viwanja hivyo husema kwamba ardhi na majengo yatatumika kwa makazi tu, katika kundi A la matumizi, kisha hurejea kanuni zenye asili ya mwaka 1960. Katika sharti hilo kuku hawatajwi, na hapo ndipo mgogoro unapoanzia. Afisa mmoja akikuta kuku sita nyuma ya jiko huona sehemu ya maisha ya nyumbani. Mwenzake huona mifugo, mifugo kwake ni kilimo, na kilimo kina eneo lake kwenye ramani. Mwenye nyumba aliyelipa fedha zake zote hana njia ya kujua ataangukia mikononi mwa yupi. Hoja ya makala hii ni kwamba kanuni za ufugaji wa kuku katika maeneo ya makazi zipime madhara yenyewe, yaani idadi ya ndege, jogoo, umbali wa banda na utunzaji wa samadi, ziache kuhukumu kwa rangi ya eneo kwenye mchoro wa mipango miji.

Mtazamo huu wa rangi na mistari tumeuazima. Sheria ya mipango miji ya Tanganyika ya mwaka 1956 ilifuata fikra za Uingereza za kutenga matumizi ya ardhi, ikatua juu ya miji iliyokuwa imeshagawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ilichukua nafasi yake, lakini wazo la kila shughuli na eneo lake halikuondoka. Kinachosahaulika ni kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wameshaliwekea mipaka wazo hilo, miaka sita kabla ya kutuletea. Kifungu cha 12 cha Allotments Act ya 1950 kinamruhusu mkaazi kufuga kuku majike au sungura, bila kufanya biashara, hata pale mkataba wa upangaji au sharti lililofungamana na ardhi linapokataza, mradi wasiwe kero wala hatari kwa afya. Majogoo hawamo katika ruhusa hiyo. Mazoea hayo yalikomaa wakati wa Vita Kuu ya Pili, kaya za Uingereza zilipokubali kuacha mgao wao wa mayai ili zipewe chakula cha kuku. Sisi tuliletewa kufuli. Ufunguo ukabaki London.

Historia yetu nayo iko upande huohuo. Mwaka 1983, chini ya sheria ya Nguvu Kazi, serikali iliwasukuma wakazi wa mijini kwenye uzalishaji mali, na kabla muongo huo haujaisha walimu, manesi na wahadhiri wa chuo kikuu walikuwa wakifuga kuku wa mayai na wa nyama nyuma ya nyumba zao, kwa kuwa mshahara haukufika mwisho wa mwezi. Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha 1997, *Changing the Rules*, anaonyesha jinsi shughuli za aina hii zilivyoilazimisha dola irekebishe kanuni zake. Kanuni za kilimo cha mijini za 1992 ziliyakubali mambo yalivyo: ng'ombe wasizidi wanne, nao wafugiwe ndani. Huu ni mfano wa sheria inayopima. Ikiwa mnyama mkubwa, mwenye kinyesi kinachozidi cha banda zima la kuku wa nyumbani, aliwekewa idadi badala ya kupigwa marufuku, sioni mantiki ya kumnyima ndege mdogo kipimo hichohicho.

Idadi ndiyo inayotenganisha chakula cha nyumbani na kiwanda. Kuku mmoja wa mayai hutoa takriban gramu 100 za kinyesi kibichi kwa siku. Kuku sita hutoa gramu 600, kiasi ambacho maranda yanayobadilishwa kwa wakati na shimo dogo la mboji humaliza bila jirani kujua. Kuku 500 hutoa kilo 50 kila siku. Masika yakiingia, maranda yakalowa chini ya mabati yanayovuja, hewa ya amonia huvuka ukuta, na jirani anayelalamika ana haki yake kamili. Jogoo ni habari nyingine, maana mmoja tu anatosha kuamsha mtaa, na kuku wa mayai hamhitaji ili atage. Jiji la Seattle tangu 2010 linaruhusu kuku wanane kwa kiwanja na limekataza majogoo. New York inaruhusu kuku majike na inakataza majogoo, bata na batamzinga. Miji hiyo haikuporomoka kwa ajili ya matetea.

Wapo watakaosema ni rahisi zaidi kukataza kabisa, kwa kuwa halmashauri haina watumishi wa kupita nyumba kwa nyumba wakihesabu kuku. Ni kweli watumishi hawatoshi. Lakini marufuku nayo huhitaji watumishi haohao, na inapokosa msimamizi hugeuka silaha ya jirani mwenye chuki au mwanya wa mgambo kudai chochote. Idadi iliyoandikwa wazi humpa hata mwenyekiti wa serikali ya mtaa uwezo wa kusuluhisha kwa kuchungulia bandani. Hoja ya magonjwa ina uzito zaidi. Mdondo huteketeza kundi kwa siku chache, na mwaka mmoja tu, 2017, ulitosha kutukumbusha kwamba mafua ya ndege yako jirani, yalipothibitishwa Uganda kando ya Ziwa Viktoria. Hata hivyo, kuku wanaofugwa kwa kujificha hawachanjwi kwa ratiba wala vifo vyao haviripotiwi. Kibali rahisi chenye sharti la chanjo kinamweka mfugaji mbele ya macho ya daktari wa mifugo, jambo ambalo marufuku haiwezi kulifanya.

Linabaki suala la haki, nalo ndilo zito kuliko yote. Sehemu kubwa ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi katika maeneo yasiyopimwa, ambako hakuna hati ya kuvunjwa masharti, na kuku wanazurura vichochoroni. Aliyetii wito wa serikali akanunua kiwanja kilichopimwa ndiye anayetishiwa kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, inayoruhusu faini na hata kubatilishwa kwa miliki pale sharti linapovunjwa. Urasimishaji unaompunguzia raia uhuru wa kujilisha hauwezi kumvutia. Kibaya zaidi, upekuzi anaoufanya mnunuzi kwa msajili humwonyesha jina la mmiliki, rehani na zuio, lakini haumwonyeshi sheria ndogo za halmashauri, na hizo hazifanani kutoka halmashauri moja hadi nyingine. Banda alilolikuta limejengwa si kibali, na maneno ya dalali kwamba "hapa watu wanafuga" hayana nguvu yoyote mbele ya afisa ardhi. Halmashauri ziweke idadi, zikataze majogoo, zitaje umbali wa banda kutoka ukuta wa jirani, na zibandike masharti hayo kwenye ofisi za serikali za mitaa ambako mauziano hushuhudiwa. Hadi hapo, anayenunua nyumba na anataka kufuga aiulize ofisi ya mipango miji kwa barua, apate jibu kwa maandishi, ndipo alipe.